Kopo Lisilorudi Tupu

Nyumbani kwa mama mkwe wangu, hapa Kamembe, ng'ambo tu ya Bukavu, mgeni hatoki bafuni akaachwa hivihivi. Akishajifuta maji anakuta kopo la mafuta ya kujipaka limefunguliwa kwenye meza ya sebuleni, na mama mkwe amesimama kando akiangalia jinsi vidole vya mgeni vinavyozama. Ukichota kidogo anakuambia uongeze. Kumwacha mtu aondoke na ngozi iliyopauka ni kuutangazia mtaa kwamba nyumbani kwako kuna shida.

Kopo lenyewe nililileta mimi. Nafanya kazi kwenye karakana moja kule Gihundwe inayotengeneza mafuta hayo kwa parachichi, na kazi yangu ni kuangalia kama yameingia vijidudu. Nachota kidogo, naeneza kwenye sahani ndogo yenye uteute ambao vijidudu wanaupenda, naifungia kwenye kabati la joto, halafu nangoja nione kitakachoota. Kopo jipya lilikuwa halioti kitu. Lakini mwenye karakana, mama mmoja aliyekulia Bukavu, alisema kopo jipya haliwezi kutuambia lolote.

"Bantu banaingizaka bidole," alisema kwa Kiswahili cha kwao, yaani watu hutia vidole humo. "Tupime yenye bametumia."

Tukagawa makopo kwa wanawake wa mtaani, tukawaomba wayatumie kama kawaida yao na wayarudishe yakifika nusu. Mama mkwe wangu alipata lake, akashukuru sana.

Makopo yote yalirudi yamejaa. Nilidhani hayakuguswa, nikakasirika. Nilipomuuliza mama mkwe, alinitazama kana kwamba nimelelewa porini.

"Mukazana," alisema, maana humu ndani hilo ndilo jina langu, mke wa mwanawe. "Chombo ya muntu hairudishwe mutupu."

Ningepaswa kujua. Mimi mwenyewe nimekua nikirudisha bakuli la jirani na viazi ndani, au hata chumvi. Wale wanawake walifanya heshima tu. Mmoja alijazia glisirini, mwingine mafuta ya mawese. Mama mkwe alijazia maji ya jerikani, akakoroga kwa kidole, akajiwekea sehemu kwenye kopo lake la zamani, lile la mezani, ili nyumba isikose, kisha akalijaza tena lile la kurudisha. Ndani ya mafuta yetu kuna dawa ya kuyahifadhi, lakini ni ya kutosha mafuta hayo tu. Ukiongeza maji, inazidiwa.

Mwenye karakana hakukasirika hata kidogo. "Voilà," alisema. "Hivyo ndiyo banatumia. Pima."

Nikapima. Sahani ya mama mkwe haikuwa na nafasi iliyobaki wazi. Utando wa kijani ulikuwa umeenea mpaka ukingoni, na harufu yake ilinifanya nigeuze uso. Niliishika sahani ile nikiwaza shingo ya mwanangu.

Mtoto wangu alikuwa bado hajaanza kukaa. Kila asubuhi nikishatoka kwenda kazini, bibi yake alimlaza mapajani, akamkanda kuanzia utosini hadi kwenye nyayo kwa mafuta ya lile kopo la zamani. Kwenye mikunjo ya shingo kulikuwa na vipele vilivyoanza kutoa usaha. Muuguzi alinipa dawa, akasema asipakwe kitu kingine. Mama mkwe aliipaka dawa, kisha akapaka mafuta juu yake, ili mtoto asikauke.

Mtu wa mbali ataniuliza kwa nini sikusema. Huyo hajawahi kuwa mukazana. Nyumba ni ya mama mkwe. Bila yeye kumlea mtoto sina kazi, na bila kazi ninabaki na mama mkwe mchana kutwa, mimi na yeye na kopo. Kumwambia mikono yake inamdhuru mjukuu ni kumwambia amewapaka uchafu wageni wote waliopita hapa. Nilimpigia mume wangu, ambaye anauza mchele kule mpakani Ruhwa na huonekana hapa kama mwezi mwandamo. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Maman usimuvunjie heshima," akakata simu. Nililia kwa hasira.

Basi nikajaribu ujanja. Karakana ilikuwa imeamua kuacha makopo na kutumia tyubu ya kuminya, isiyoingia kidole wala maji. Nilileta moja, nikasema ni zawadi kutoka kwa bosi wangu, kwa ajili ya mtoto peke yake. Mama mkwe aliipokea kwa mikono miwili, akaisifu. Kisha akakata mkia wake kwa kisu na kuikamulia yote ndani ya kopo la zamani, kwa sababu mgeni hawezi kukaribishwa kwa kitu cha kuminya, tena kidogo kidogo, kama dawa ya meno. Nilicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri.

Jumapili akaja dada yake mama mkwe kutoka Nzahaha. Alioga, akaletewa kopo, akachota. Mtoto alikuwa mapajani mwa bibi yake, shingo imevimba, na mama mkwe akanyoosha mkono wake kwenye kopo lilelile. Nikalinyakua.

"Maman, haya mafuta ni machafu. Niliyapima. Mikono yenu ndiyo inamtia mtoto vidonda."

Dada mtu alibaki na mafuta kiganjani, hajui ayapeleke wapi. Mama mkwe hakupandisha sauti.

"Hii mikono ilikanda bwana yako," alisema. "Ilikanda na bandugu yake bote. Leo ndiyo iko na badudu." Akaninyooshea mtoto. "Chukua mutoto wako."

Sijutii. Nilikuwa na haki, na shingo ya mtoto imepona, laini kabisa. Naudhika tu kwamba kuwa na haki hakujanifungulia mlango wowote. Mama mkwe bado anabaki na mtoto nikienda kazini. Anamlisha kwa kijiko, anambadilisha nepi akiwa amevaa glavu alizonunua sokoni, na wageni wakiuliza anawajibu kwa upole kwamba mukazana ndiye aliyesoma. Kopo halipo tena mezani. Wanatoka bafuni, wanasimama kidogo, kisha wanavaa.

Jana nilirudi mapema. Mtoto, ambaye sasa anakaa mwenyewe, alikuwa mkekani amemnyooshea bibi yake mikono yote miwili ili abebwe. Bibi yake alikuwa ameketi mbele yake, anamwimbia, na mikono yake ameificha chini ya kitenge.