Mkono wa Alistidia Uliozoea Ndizi

Alistidia alijua kumenya ndizi kabla hajajua kusoma. Nyumbani kwao, karibu na Rubya, mama yake Kokushubila alimfundisha hivi: ndizi mkono wa kushoto, kisu mkono wa kulia, makali yaje kwako. Kisu cha ndizi si kikali sana. Kikikugusa kinakuonya tu.

Alipokuwa mtu mzima alifungua kibanda cha kushona siti za pikipiki pale Muleba, jirani na stendi. Huko alitumia kisu cha wembe, kile ambacho wembe wake husukumwa nje kwa kidole. Alipakata kazi mapajani na kukata akivuta kwake, kama ndizi. Kwa miaka mitano hakupatwa na kitu. Siku moja wembe uliochoka ulikwama kwenye ngozi ya plastiki. Akaongeza nguvu, ngozi ikaachia ghafla, na wembe ukaishia kwenye gumba lake la kushoto.

Daktari alimshona nyuzi saba.

"Kano ya kidole imekwaruzwa tu," alimwambia. "Ukijikata hapo tena, gumba halitakunjika."

Gumba lisilokunjika haliwezi kushika siti wala kuivuta ngozi ikaze. Alistidia akarudi na swali moja: mkono uliozoea jambo kwa miaka thelathini hufundishwaje upya?

Alianzia dukani kwa Rahima, muuza vifaa, ambaye alimwekea visu viwili mezani. Kimoja kilikuwa chepesi, wembe wake mrefu na mwembamba.

"Hiki ndicho wanachonunua wote," alisema Rahima. "Hiki kizito wembe wake ni mfupi na mnene, na ukiachia kitufe unarudi ndani wenyewe. Wateja wanalalamika kinawachosha kidole."

"Bora kikichoshe kidole kuliko kukila, dada."

Rahima alicheka, akaongeza pakiti ya nyembe. "Basi uzibadilishe mapema. Wembe butu ndio unaokata watu, maana unaulazimisha."

Alistidia akahamisha kazi kutoka mapajani hadi kwenye meza, akanunua rula ya chuma, akauzoesha mkono wa kushoto kukaa nyuma ya wembe, makali yaende mbali nao. Nyembe zilizokwisha alizitia kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko. Wiki ya kwanza mkono ulisahau mara nyingi. Kila uliposahau, aliweka kisu chini, akaanza upya.

Jumapili moja alikwenda nyumbani kusaidia maandalizi ya komunyo ya mpwa wake. Wanawake waliketi nyuma ya nyumba wakimenya. Alistidia alichukua kisu, na mkono wenyewe ukavuta makali kwake, laini, kama haukuwahi kuondoka. Alimenya ndizi mbili hivyo. Ya tatu aliishika, asiimenye. Alijua kwamba mkono huuhuu ndio utakaoamkia kibandani kesho. Akageuza kisu, akaanza kumenya akisukuma nje.

"Mtazameni," alisema jirani yao Bernadina. "Anachonga penseli."

Wanawake wakacheka.

"Muleba wamekuharibu, mwanangu," alisema Kokushubila. "Beseni lako litajaa Pasaka."

"Litajaa tu, mama. Kesho nina siti nne, na nataka kuzishona kwa vidole kumi."

Kokushubila alilitazama kovu la binti yake. Alivuta kigoda chake karibu, akamwaga ndizi alizomenya ndani ya beseni la Alistidia, na kuanzia hapo wakamenyea humo wote wawili, asijue mtu nani kamenya ngapi.