Dakika Kumi za Fundi Kimya

Saa moja asubuhi, Fundi Kimya amepiga magoti mbele ya kochi lililotoboka. Anang'oa misumari kwa koleo na kuitumbukiza katika kopo tupu la rangi. Mteja anasimama mlangoni, anauliza litakuwa tayari lini. Fundi anainua vidole vinne.

"Siku nne?"

Fundi anaitikia kwa kichwa, anarudi kwenye misumari yake.

Ana miaka kumi na tisa katika kazi hii ya kuvika makochi vitambaa vipya, na miaka yote hiyo vidole vimebeba kazi ya ulimi. Ana kigugumizi. La kusema analo; neno humjia, likafika kooni, likagoma. Mtaa ulimpachika jina la Kimya, naye akalivaa, maana lilimwondolea adha ya kujieleza.

Ndiyo maana barua ya shule ilipofika mwezi uliopita ilimtoa jasho. Binti yake yuko darasa la tano, na mzazi aliombwa kufika kuzungumza na mwalimu wa darasa kwa dakika kumi. Chini kabisa mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu nyekundu: mtoto huenda akarudia darasa.

Siku zote mikutano ya namna hiyo aliiacha kwa mkewe, mfanya usafi wa zahanati. Safari hii mkewe alipangiwa zamu ya asubuhi na akakosa wa kubadilishana naye.

"Nikamwambia, baba watoto, ni wewe au tusahau," anasema mkewe.

Wazo la kwanza lililomjia fundi, anakiri huku akicheka, lilikuwa kusingizia homa. Alijaribu hata kukohoa. Mkewe akamwambia kikohozi chake hakina mafunzo.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo mkewe hakulijua. Ripoti ya muhula uliopita ilisema binti hajibu maswali, hajiandai, na kusoma kwa sauti amepata sifuri. Mama alidhani ni uvivu. Nyumbani mtoto hukwama mara mojamoja, na mama yake husema ni pupa ya maneno. Baba alikuwa amemwona akiulizwa jambo na mgeni, akashika ukingo wa gauni na kunyamaza. Aliutambua ukimya ule kama mtu anavyotambua viatu vyake mlangoni.

Yeye mwenyewe aliacha shule akiwa darasa la saba. Alisimamishwa mbele ya wenzake mpaka amalize kusoma aya moja. Hakuimaliza. Darasa lilicheka mpaka kengele ikalia, na kesho yake hakurudi.

"Niliona mtoto amerithi ubaya wangu," anasema. "Nikasema nikinyamaza, labda utapita."

Jioni ya kuamkia mkutano, mkewe alimkalisha mezani akamwandikisha maswali mawili. Akamwambia asiulize mtoto amekuwa wa ngapi, maana namba hiyo ipo kwenye ripoti. Aulize mtoto anafanyaje akiwa darasani, na wao wafanye nini nyumbani. Kisha fundi akamwita binti, akamuuliza angependa mwalimu ajue nini. Mtoto aliingia chumbani, akatoka na daftari lisilo na jalada. Ndani mlikuwa na hadithi alizotunga mwenyewe, kurasa arobaini na moja.

Asubuhi, koridoni shuleni, wazazi wanane walikuwa wamebanana kwenye benchi. Baba mmoja aliingia na kutoka kabla kiti hakijapata joto. Mama mmoja alitoka akifuta macho. Karatasi ya maswali ilikuwa imelowa jasho mkononi mwa fundi, wino ukaanza kutambaa. Alipoitwa, alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakamfika kifuani.

Mwalimu, dada wa miaka kama thelathini mwenye wanafunzi hamsini na wawili, alisema haraka haraka kwamba mtoto anaandika vizuri, ila akiambiwa asome ni mkaidi, na shule inaona arudie darasa. Akauliza kama mzazi ana swali.

Fundi akafungua kinywa. Neno likagoma. Mwalimu akatupia jicho saa ya ukutani, akajaribu kumsaidia: anataka kujua alama? Akakataa kwa kichwa. Mambo ya sare? Akakataa tena.

"Hapo ningeweza kuondoka," anasema. "Mlango ulikuwa wazi."

Badala yake aliinua kiganja, akavuta pumzi, akaanza upya.

"Bi… binti yangu si mkaidi. Ana hiki nilicho nacho. Hivi unavyonisubiri mimi sasa, msubiri na yeye."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Leo anasimulia bila kujitetea: "Miezi saba sikuwahi kumsikia akikwama, kwa sababu hakuwahi kuanza."

Fundi akamsogezea daftari. Mwalimu akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, huku koridoni wazazi wakikohoa. Wakakubaliana mtoto asiitwe ghafla kusoma, asomee mezani kwa mwalimu wakati wa mapumziko, na wazazi wamsikilize akisoma nyumbani bila kumkatiza. Baada ya wiki tatu wakutane tena. Fundi akaomba yote yaandikwe.

Hata hivyo roho yake bado iko juujuu. Mwalimu mkuu hajakubali. Anataka kuona maendeleo kwa macho yake. Wiki ya kwanza binti alisoma mistari minne. Wiki ya pili hakusoma hata mmoja, akarudi nyumbani akilalamika tumbo. Jioni hiyo baba alimsimulia, kwa mara ya kwanza, jinsi alivyoacha shule. Mtoto akauliza kama kigugumizi huisha. Fundi hakumdanganya. Alimwambia chake hakikuisha, kilipungua.

Mkutano wa pili ni Ijumaa, na mwalimu mkuu atakuwepo. Binti ameomba kuingia pamoja na baba yake. Mama anahofia: mzee akikwama mbele ya wakubwa, mtoto atazidi kujikunja. Fundi ananyoosha kitambaa juu ya sponji kwa viganja viwili.

"Ataniona nikikwama," anasema. "Kisha ataniona nikimaliza."