Hatua Tatu za Mama Elia

Binti yangu ana sale sebuleni, ule mmea wa majani marefu. Limesimama kwenye chungu cheupe karibu na dirisha, juu ya kile chuma kinachopasha nyumba joto, na kila Jumamosi asubuhi Ruthi hulimwagia maji kwa kikombe. Udongo ukilowa hutoa harufu. Si kubwa, lakini kwangu mimi niliyeketi hatua mbili kutoka hapo inatosha. Ni harufu ya kihamba chetu, shamba letu la migomba, baada ya manyunyu. Nje ni Jakobsberg, huku ughaibuni, theluji imefunika viti vya kituo cha treni, na pua yangu iko mlimani.

Siku ya kwanza nilipoliona nilicheka mpaka Ruthi akatoka jikoni.

"Baba, vipi tena?"

"Nani amekuwekea mpaka ndani ya nyumba?"

"Mpaka gani? Hilo ni ua, nimelinunua Vällingby."

"Ua! Babu yako angeliona hapo, angeuliza upande wa pili ni shamba la nani."

Alicheka naye, kwa adabu tu. Amezaliwa mjini, na sale alilijua kwa kusikia. Kwa hiyo acheni niwaeleze ninyi, naye atasoma akipata nafasi.

Kwetu, katika kijiji cha mwisho kabla ya msitu, mahali ambapo kushuka sokoni kulikula nusu ya siku na ukungu uliingia nyumbani bila kubisha hodi, sale lilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza, lilipandwa mstari kati ya kihamba na kihamba. Halikukatwa kuni, wala mbuzi hakufungwa kwenye shina lake. Kazi ya pili ilikuwa ya msamaha. Aliyekosa alichuma jani, akalifunga fundo, akalipeleka mwenyewe kwa aliyemkosea. Ukishaletewa jani huna pa kukataa. Hata moyo ukichemka, unalipokea, na neno linaishia hapo.

Ardhi ilikuwa finyu, imebanwa kati ya makorongo mawili. Mtoto wa kwanza wa kiume alikatiwa sehemu yake, wa mwisho alirithi nyumba ya wazazi na migomba yake. Wa katikati alijitafutia. Sisi tulikuwa watatu, na mimi, Yosefu, nilikuwa wa katikati. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma.

Siku moja tukila mtori, supu yetu ya ndizi, baba alisema, kama mtu anayesema na bakuli lake, "Ule mstari wa juu ungekuwa hatua tatu kule, Yosefu angepata pa kusimamisha nyumba."

"Na ungekuwa hatua tatu huku," mama akajibu, "Mama Elia angepata pa kufugia ng'ombe. Kula."

Baba akala. Mimi niliyabeba maneno yale.

Mama Elia alikuwa jirani yetu, mjane. Mumewe aliangukiwa na mti msituni mtoto wao akiwa bado tumboni. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya korongo, na mtani sana. Mimi aliniita mume wangu. "Mume wangu, njoo unipasulie kuni, na leo usijikate kidole nikaitwa mjane mara mbili." Nikimaliza alinipa ukoko wa chungu, ule uliokauka pembeni, mtamu kuliko chakula chenyewe.

Masika ya mwaka ule Elia alishikwa na kikohozi kibaya. Mama yake akambeba mgongoni kwenda naye hospitali ya misheni, chini kabisa tambarare, na akakaa huko mvua zote. Alipoondoka alinisimamisha penye njia. "Mume wangu, nyumba nakuachia. Mbuzi wakiingia kwenye migomba, nitajua ulilala."

Mbuzi hawakuingia. Niliyeingia ni mimi.

Baba na wanaume wote walikuwa wamepanda msituni siku kadhaa kuzibua mfongo, mfereji unaotuletea maji, kwa sababu mvua ilikuwa imeubomoa. Nilichukua panga. Niliyakata masale karibu na ardhi, moja moja, kumi na tisa, kuanzia penye mfongo hadi ukingo wa korongo, nikayachomeka upya hatua tatu ndani ya shamba la Mama Elia. Zilikuwa hatua zangu za mtoto, lakini nilizivuta mpaka mapaja yakauma. Shina la sale halina shida. Ukilichomeka kwenye udongo mbichi linashika mizizi kama halijawahi kukatwa. Visiki nikavifukia kwa samadi na majani makavu ya migomba. Katika zile hatua tatu kulikuwa na mashina sita ya mshare, ndizi zake nzuri kuliko zote. Nilipomaliza nilinawa miguu kwenye mfongo, nikajiona mwanaume mwenye kiwanja.

Baada ya miezi mitatu hivi alirudi, Elia amenawiri mgongoni. Salamu zilikuwa bado mdomoni alipoufikia mstari. Alisimama. Akaanza kuihesabu migomba yake kwa kidole, akarudia. Kisha ile sauti yake ikatoka.

"Baba Petro! Umeona sina mume ukaamua kunila?"

Petro ni kaka yangu mkubwa. Baba alitoka na kijiko mkononi, hajui anaulizwa nini.

Wazee watatu wa ukoo waliitwa. Walitembea kwenye mstari, wakayatikisa masale. Yalikuwa imara, yana majani mapya, na magugu yamejaa chini. Baba akaapa kuwa mkono wake haukugusa hata moja, naye aliapa kweli. Mzee mmoja, aliyependa kuchekesha watu hata msibani, akamgeukia mjane.

"Sasa Mama Elia, masale yametembea yenyewe?"

"Yametembea, baba. Tena yana miguu midogo."

Watu wakacheka. Mimi nikaitazama miguu yangu.

Waliamua mstari ubaki ulipo. Mama Elia hakupiga kelele tena. Alimhamishia Elia bega la pili, akaingia kwake.

Siku ya tatu asubuhi alikuja nyumbani kwetu. Mkononi alikuwa na jani la sale, limefungwa fundo.

"Baba Petro, nilikutukana mbele ya watu," alisema. "Nimekuja."

Baba aliinuka polepole, akajifuta viganja kwenye mapaja mara mbili, ingawa havikuwa na uchafu. Akalipokea. Elia, akiwa mgongoni, alinyoosha mkono akililia lile jani, na mama yangu akampa ndizi mbivu ili anyamaze. Mama Elia akakaribishwa mtori, akala, akashukuru. Alipotoka alinipita mlangoni. "Kwaheri, Yosefu," akasema. Hakuniita mume wake tena, siku ile wala nyingine yoyote.

Mvua zilizofuata, visiki vilichipua. Nilikuwa nimesahau kwamba sale halifi kirahisi. Nilikwenda kukata majani ya mbuzi, nikamkuta baba amechuchumaa penye mstari wa zamani, anachimbua chipukizi kwa jembe. Zilikuwa zimejipanga sawasawa, kama watoto mbele ya mwalimu. Baba aliniona. Tulitazamana muda mrefu kuliko tulivyozoea.

"Magugu," alisema. "Leta jembe la pili."

Tuling'oa pamoja, zote kumi na tisa. Naomba mniamini nikisema kwamba nilifurahi. Nilidhani siku ile ndiyo baba alinipenda kuliko Petro.

Sikujenga pale. Misheni ilinipeleka shule, nikafika sekondari, nikawa karani wa reli, nikaoa, nikazalia watoto mjini, na uzee umenileta huku ambako mjukuu wangu ananiita morfar, yaani babu, na kunijibu Kiswidi hata nikimuuliza kama ameshiba. Kiwanja changu kilipandwa kahawa na mtoto wa Petro. Kila alipoandika barua alinitajia, bila kujua anachotaja, kwamba Elia ana wana watatu, na nyumba ya mkubwa imejengwa karibu na mstari hivi kwamba maji ya bati yanadondokea masale.

Ilinichukua miaka mingi kuyaelewa yale niliyoyaona kwa macho yangu. Baba hakuwa mwizi mpaka siku ile ya visiki. Alikuwa na chipukizi kumi na tisa za kumwonyesha Mama Elia, na aibu ya mtoto mmoja ya kubeba. Akanichagua mimi. Alinipenda, lakini alinipenda vibaya, na tangu hapo sikumbuki kumwona akipita njia ya juu, ile ya kwa Mama Elia.

Na Mama Elia alijua. Aliona ufupi wa zile hatua, au alikumbuka alimwachia nani kihamba. Neno moja zaidi mbele ya wale wazee, na ningeitwa mng'oa masale mpaka kufa kwangu. Hakulisema. Alihitaji pia majirani: wa kumpa moto mvua ikizima wake, wa kumbeba Elia kikohozi kikirudi. Kwa hiyo alichuma jani akaomba msamaha kwa kuibiwa. Lile jani lilitoka kwenye masale yangu. Nililijua kwa chane zilizobaki nilipoyaburura.

Mama Elia alikufa nikiwa kazini mjini. Nilituma rambirambi.

Sasa Ruthi amekata tiketi, tunakwenda mwezi wa sita. Nilipomsimulia haya alilisogelea lile ua lake la dirishani.

"Chukua jani hapa, Baba. Tutalikausha ndani ya Biblia. Utampelekea Elia."

Nililishika kweli. Nikafunga fundo likiwa bado kwenye shina, vidole havijasahau. Halafu nikalifungua. Jani halikataliki, Ruthi, na Mama Elia hakupata nafasi ya kukataa chochote. Baba alipewa jani asilostahili, nami nilikua chini yake kama mtu aliyejikinga mvua.

Nitakwenda mikono mitupu. Nitasimama penye mstari, nimweleze Elia kazi ya panga langu, mbele ya wanawe. Kisha nitaupa mgongo mstari huo na kutembea kuelekea kwetu hatua tatu, za mtu mzima safari hii, nichomeke jiti pale masale yalipokuwa mwanzo. Akitaka kunifukuza baada ya hapo, anifukuze.