Shela la Nane Lafika Ukerewe

Nilikwenda Ukerewe kwa sababu ya nguo ambayo mke wangu hakuwahi kuivaa, na kwa sababu nilikuwa nimewadanganya kina mama wa jumuiya yetu ya Kiseke kuhusu nguo hiyo.

Kina mama hao hukusanya mashela, yaani magauni ya harusi yaliyokwisha kuvaliwa. Mtu hulivaa siku moja, kisha hulitia kabatini likae miaka mpaka ligeuke rangi ya chai ya maziwa. Wao huyafua, huyapiga pasi na kuyapeleka ng'ambo ya ziwa, kwa wanawake wa visiwani wanaotaka kufunga ndoa kanisani na hawana cha kuvaa. Safari hii kigango kimoja, kanisa dogo la kijijini huko Ukerewe, kilikuwa na mabibi harusi wanane. Mashela yalikuwa saba.

Nikasema ninalo la nane.

"La nani, Baba Deo?" akauliza Mama Jeni, mwenyekiti wao, ambaye alihamia Kiseke mwaka jana tu.

"La dada yangu. Aliolewa zamani, wanaishi vizuri."

Halikuwa la dada yangu. Lilikuwa la Veronika, mama wa watoto wangu, aliyelinunua mwenyewe na kulitundika nyuma ya mlango wa chumba chetu kwa miaka kumi na tisa. Padri alituambia mara nyingi, njooni Jumamosi asubuhi na mashahidi wawili, kabla jua halijakuwa kali mmeshamaliza. Mimi nilikataa. Nilikuwa mtunza stoo katika kinu cha pamba, nimekaa kwenye kamati za harusi za watu wengi, nimecheza katika kumbi nyingi, na niliona aibu kufunga ndoa kimya kimya kama mtu anayefuata cheti cha kuzaliwa. Nilitaka ukumbi na tarumbeta. "Mwakani, Vero," nilimwambia kila mwaka. Kisha akaugua, akafariki. Kosa ni langu, sina wa kugawana naye.

Mama Jeni alipolalamika kwamba mguu unamsumbua na hawezi kusafiri, nilijitolea kupeleka mzigo. Nilitaka nione kwa macho yangu kwamba shela lile limepata mtu.

Alhamisi saa mbili asubuhi nilikuwa bandarini Mwanza na mifuko miwili mikubwa ya shangazi kaja. Mkaguzi wa mizigo, kijana mwenye adabu, aliniamkia shikamoo, kisha akafungua zipu. Kitambaa cheupe kikafumka kama uji uliochemka.

"Mzee, haya ni mashela!"

"Ndiyo. Manane."

"Unaoa wote leo, au utapumzika katikati?"

Foleni yote ikacheka. Mama mmoja mwenye tenga la vitunguu akanitetea: "Mwacheni babu apite. Mwanaume aliyejipanga huyo!"

Nilicheka nao, ila neno hilo la kujipanga lilinichoma. Ndilo nililokuwa nikimwambia Veronika.

Njiani ziwa lilikuwa tulivu. Tuliyaacha mawe ya Mwanza nyuma, yale yaliyopandana kama magunia stoo, na kwa zaidi ya saa tatu nilikaa juu ya mifuko yangu ili isipotee. Mama wa vitunguu alinipa karanga na kutaka kujua kama mabibi harusi wangu wote wananisubiri gatini.

Nansio nilipokewa na Katekista Petro, mwalimu wa dini wa kigango hicho, mwenye pikipiki. Tulifunga mifuko nyuma kwa mipira, tukashika barabara ya vumbi. Hatukujua kwamba zipu moja imeachia. Wanawake waliokuwa wakianika mihogo juu ya mawe walianza kupiga vigelegele, na kila tulikopita ndivyo hivyo. Nikasema moyoni, watu wa hapa ni wakarimu kweli. Tuliposimama ndipo tukaona mtandio wa bibi harusi ukining'inia hatua tatu nyuma yetu, na sisi wazee wawili tumekumbatiana juu ya pikipiki.

"Leo tumeozeshwa, Baba Deo," akasema Petro.

Alasiri, sebuleni kwa Petro, wanawake wanane walikuwa wamekaa mkekani. Wote walikuwa wameishi na wenzao miaka mingi bila kufunga ndoa. Mke wa Petro, Mama Gaude, ndiye aliyegawa. Kijijini hapo wana utaratibu wao: mwanamke havai shela la mwenzake kabla hajauliza kama mwenyewe yuko hai, kama ndoa bado ipo, na kama wanapatana, maana wanaamini nguo hubeba nyumba ilimotoka. Mama Jeni alijua hilo, akabandika karatasi kwenye kila shela. Mama Gaude alisoma kwa sauti:

"Lilivaliwa Buswelu. Ndoa ina miaka kumi na miwili. Watoto wanne. Hugombana juu ya redio tu."

"Hilo langu!" wakasema watatu kwa pamoja.

Mpaka mwisho likabaki la nane. Karatasi yake ilikuwa na uongo wangu. Na aliyebaki bila shela alikuwa Konsolata, muuza samaki wa kukausha, mwenye umri wa miaka hamsini na nane, aliyeishi na mzee Bonifasi miaka ishirini na tisa. Alisikiliza karatasi ikisomwa, akaliinua shela kwa mikono miwili, akanitazama.

"Baba, huyo dada yako alifurahi siku ile?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Haikutoka. Nikawaambia yote: kwamba hakuna dada, kwamba aliyelinunua amefariki, na kwamba alifariki bila ndoa kwa sababu yangu.

Waliokaa karibu na Konsolata wakasogea mbali na shela.

"Toeni nje nguo hiyo," akasema mmoja. "Ya marehemu."

"Tena marehemu ambaye hakuolewa! Mkosi mara mbili."

Nilipiga magoti, nikalipokea mikononi mwa Konsolata, nikaanza kulikunja. Nilijua Veronika ninamrudisha nyuma ya mlango.

"Acha, usikunje," akasema Konsolata. "Marehemu alilivaa?"

"Alilijaribu dukani tu."

"Basi si nguo ya marehemu. Ni nguo ya dukani." Akawageukia wenzake. "Ninyi mmepewa ndoa za watu na redio zao. Mimi peke yangu nimepata jipya!"

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Hata aliyesema litolewe alifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Ila wewe, baba," Konsolata akaniambia, "ulikuwa mjinga sana."

"Nilikuwa."

"Afadhali unakubali. Wa kwangu mpaka leo anabisha."

Lilimbana. Fundi wa kijiji alifumua mbavu zote mbili na kuongeza kipande cha pazia jeupe, na hakuna aliyeona tofauti.

Ijumaa jioni Bonifasi alinialika kula. Aliuliza kwa upole, "Ule ukumbi ulikuwa wa nini hasa?"

"Wa watu."

"Hao watu walikuja msibani?"

"Walijaa mpaka barabarani."

Aliniongezea samaki.

Jumamosi asubuhi, mlangoni mwa kanisa, Konsolata alinishika mkono. Baba yake na kaka zake wote walikuwa wameshafariki. "Aliyeleta shela ndiye atakayeniingiza," akasema. Nilikuwa nimepanga kukaa benchi la nyuma. Nilianza kutembea haraka kwa aibu, akanivuta.

"Polepole, baba. Nimengoja miaka ishirini na tisa. Nataka wanione vizuri."

Tukaenda polepole, wakamwona. Ndoa nane zilifungwa kabla ya saa sita. Tulikula ugali wa muhogo na sangara uwanjani, akina mama wakacheza mpaka pazia likaanza kuchungulia ubavuni, na hakuna aliyeuliza kamati iko wapi.

Jumatatu nilirudi Kiseke na mifuko mitupu, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Jeni kumwambia ukweli.

"Umri wote huo, Baba Deo, bado unadanganya wanawake?" akafoka. Kisha akanikaribisha chai, akataka nimweleze Konsolata alivyopendeza.

Nilichojifunza ni kidogo, na nimekipata nimechelewa. Wale watu niliowaonea aibu hawakuwahi kunidai ukumbi. Niliudai mwenyewe, akalipa Veronika. Kamati za harusi bado zinaniita, na bado ninakwenda. Siku hizi kabla hatujazungumzia tarumbeta ninanyoosha mkono na kuuliza: bibi harusi amengoja tangu lini?