Bibi Niliyemtunga Akanifungulia Mlango

Mmeshawahi kumtunga mtu kichwani, mkamwandika kwenye karatasi, halafu siku ya tatu yake akawafungulia mlango na kuwauliza mnataka nini?

Mimi yamenifika. Queensbury, London, mwezi wa Oktoba 2002.

Sikuwa naota, wala sikuwa na homa.

Naitwa Mwanamwema, mtoto wa Wete, Pemba. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimepanga chumba Thornton Heath, na nimepata kazi niliyoiona ya maana kuliko zote nilizopitia: kuhesabu watu.

Si ile sensa ya serikali. Ilikuwa kampuni moja ya utafiti, jina nalificha. Unapewa mtaa, unagonga mlango, unauliza. Mko wangapi humu? Umri? Mmezaliwa wapi? Mnasema lugha gani? Mna kompyuta? Mna intaneti? Ya simu, ile inayolia kama paka aliyebanwa mkia, au ile mpya ya kasi, broadband?

Majibu yalikuwa na kazi yake. Kulikuwa na mradi wa kufungua chumba cha kompyuta za bure, pamoja na mwalimu. Kitongoji kitakachoonekana watu wake wengi hawana intaneti ndicho kitakachopewa.

Bosi wangu alikuwa Jaswant, Singasinga mmoja mrefu, kilemba cha buluu, ndevu zimepangwa utadhani kapiga pasi. Haongei sana. Anaongea Kiingereza kilichonyooka, na akikutazama unajikuta unajitetea kabla hujaulizwa.

Kanuni yake ilikuwa moja tu. Ukipika fomu, yaani ukijaza majibu ya kutunga, umekwenda na maji.

Basi bwana.

Jumatatu moja nimetoka Thornton Heath asubuhi, nimebadilisha treni mpaka nimechoka, nafika Queensbury mvua inanyesha ile ya London. Hainyeshi ikakwisha. Inakusumbua tu, kama mtu anayekudai salamu.

Nyumba kumi na moja zilikuwa zimebaki. Nikagonga ya kwanza, kimya. Ya pili, mbwa. Ya tatu, pazia likatikisika, mlango haukufunguliwa.

Nikasema, hee, mie nina kosa gani kwa Mungu?

Karibu na stesheni kulikuwa na mkahawa wa Wahindi wa kwetu, wanauza mogo. Ndiyo, mhogo wetu, wenyewe wanauita mogo, wanaukaanga na kuupiga pilipili na ndimu. Nikaingia. Nikaagiza sahani na chai ya maziwa. Nikazitoa fomu.

Nikazipika zote kumi na moja.

Na wallahi, nilizipika vizuri! Hapa nikaweka baba, mama na watoto wawili. Pale wanafunzi watatu. Namba hamsini na mbili nikawapa familia ya watu watano, kompyuta mbili na broadband, maana nyumba ilikuwa na mlango mpya.

Nilipofika namba thelathini na saba nikashikwa na hamu ya kwetu. Nikaandika: mjane, miaka themanini na moja, anaishi peke yake. Kazaliwa Wete, Pemba. Lugha: Kigujarati na Kiswahili. Kompyuta hajawahi hata kuigusa.

Nilimpenda yule bibi. Kidogo nimwandikie na ugonjwa wa miguu.

Jumatano Jaswant akaniita.

"Kila wiki nachagua fomu moja naihakiki," akasema kwa Kiingereza chake. "Wiki hii nimechagua thelathini na saba. Twende wote."



Njia nzima ndani ya gari nilikuwa nasoma kila dua niliyofundishwa chuo cha Kurani, nyingine nachanganya mwanzo na mwisho. Naomba wasiwepo. Naomba wamehama. Naomba nyumba iwe imebomolewa.

Jaswant akagonga.

Mlango ukafunguliwa.

Alisimama mama wa Kihindi, mnene wa wastani, miwani puani, sari ya kijani. Na mabegani, jamani, amejitanda kanga. Kanga hasa, ya kwetu, maandishi yamefifia kwa kufuliwa.

Moyo ukaniambia: sema sasa au ukafungashe.

Nikatoa meno yote nje kama namwamkia jamaa yangu, nikasema kwa Kiswahili, haraka haraka:

"Shikamoo bibi. Nisitirini, nitafukuzwa kazi. Mna miaka themanini na moja, mnakaa peke yenu, mmezaliwa Wete, na kompyuta hamuijui."

Yule mama akanitazama. Akamtazama Jaswant na ubao wake wa fomu. Akanirudia mimi.

"Marahaba," akasema polepole, naye anatabasamu. "Themanini na moja? Mie nina sitini na nane. Umenizeesha, mwanaharamu we."

"Nisameheni, bibi."

"Tutaonana baadaye."

Halafu, mbele ya macho yangu, akazeeka. Mgongo ukapinda. Mkono ukaanza kutetemeka. Akashika fremu ya mlango kama bila hiyo angeanguka.

"Karibuni," akasema kwa Kiingereza, sauti imechakaa. "Mimi kizee mpweke."

Jaswant akachungulia ukumbini. Pale chini kulikuwa na jozi tisa za viatu.

"Unaishi peke yako, madam?"

"Peke yangu na Mungu."

"Na viatu hivi?"

"Vya marehemu mume wangu. Sijaweza kuvitoa."

Jaswant akaviangalia. "Hata vile vya pinki?"

"Alikuwa mtu wa rangi," akasema bibi, akajifuta jicho kwa pindo la kanga.

Mimi nimeuma ulimi mpaka nahisi chumvi.

Juu ghorofani pakasikika mabomu. Du! Du-du-du! Kisha sauti za watoto zikishangilia kwa Kiingereza.

"Na hiyo?"

"Redio. Nasikiliza habari."

"Kuna vita wapi?"

"Mwanangu," bibi akaguna, "siku hizi kuna mahali hakuna?"

Jaswant akaandika kitu. Akafunga kalamu. Akasema anakwenda kunisubiri garini, dakika tano, akaondoka.

Nikavuta pumzi. Sikumaliza kuivuta. Bibi alinikamata mkono, akanitia ndani na kufunga mlango, mgongo umeshanyooka kama wa askari.

"Haya. Wewe nani?"

Nikamwambia yote. Mvua, mogo, fomu.

Naye akaniambia. Anaitwa Bharti. Si mzaliwa wa Wete, ni wa Chake Chake, baba yake akiuza vitambaa. Mume yu hai, yuko kazini. Humo ndani wanalala watu tisa, na kompyuta ziko tatu, ile ya mabomu ghorofani ni ya wajukuu na michezo yao, na broadband imeingia tangu Machi.

Akanifungulia mlango wa chumba cha kulia. Juu ya meza, pembeni ya kikapu cha vitunguu, kompyuta inawaka. Na kwenye kioo kuna ukurasa ninaoujua kama kiganja changu.

Ni lile baraza la mtandaoni la watu wa visiwani waliotawanyika duniani. Mie kila Jumamosi nilikuwa naliingia kwenye internet cafe ya Thornton Heath. Watu wanatangaza misiba, wanatafutana, wanagombana kuhusu mapishi. Na mkubwa wa baraza, anayefungua na kufukuza, anajiita Kungumanga. Hakuna aliyemjua. Wengine wakisema ni profesa yuko Oman, wengine shekhe yuko Kanada.

Nikaangalia jina lililoandikwa pale juu.

Kungumanga.

"Ni nyinyi?" nikasema. "Nyinyi mlinifungia wiki mbili kwa ajili ya urojo?"

"Kumbe wewe ndiye uliyesema urojo unatiwa maziwa!" akasema Bi Bharti. "Basi sishangai umepika na fomu."

Tulicheka mpaka akakaa kitako.

Halafu akaacha kucheka.

"Lakini sikiliza, mwanangu. Umenifutia watu wanane. Mume wangu, wanangu, wakwe zangu, wajukuu. Umewafuta kwa kalamu, unakula mogo. Mimi nilipoondoka kwetu nilikwenda ofisi moja kutafuta cheti changu. Karani akapekua, akaniambia kwa mujibu wa karatasi zake, mimi sikuzaliwa. Nimesimama mbele yake, nina mtoto mgongoni, ananiambia sikuzaliwa."

Nikageuka, nikavitazama tena vile viatu ukumbini.

"Kazirudie zote," akasema. "Kama hutaki, Kungumanga atakutangaza dunia nzima."

Nikatoka kichwa chini. Nikaingia garini. Jaswant akawasha, tukaenda mpaka kwenye taa za Honeypot Lane. Taa nyekundu. Anatazama mbele. Kisha akafungua mdomo.

"Sasa dada, hizo nyumba zingine kumi, ulienda ama pia ulizipika?"

Kwa Kiswahili.

Kiswahili cha Kenya, kimejaa, hakina hata ufa.

Nilitamani mkanda wa gari uninyonge.

"Mimi ni mtu wa Kisumu," akasema. "Nilikuja huku nikiwa na miaka kumi na tisa. Huyo mama alipokuitikia marahaba, nilikuwa nasikia kila neno."

"Sasa mbona hukusema kitu?"

"Ningesema aje? Marehemu alikuwa mtu wa rangi!" Mabega yakaanza kumtikisika. Yule mtu wa pasi alicheka mpaka kilemba kikakaa upande, taa ikawa kijani, nyuma wakatupigia honi, naye bado.

Alipomaliza akajifuta macho.

"Nilijua kabla. Jumatatu ilinyesha siku nzima. Fomu za wenzako zote zilirudi zimelowa. Zako kumi na moja zilikuwa kavu kabisa, na moja inanuka pilipili." Akanitupia ule ubao mapajani. "Hiyo ya leo nimeandika hakukuwa na mtu nyumbani. Una mpaka Ijumaa. Zote. Mlango kwa mlango. Ukirudi na uongo mwingine, usirudi."

Alhamisi mvua ilinyesha tena. Safari hii nililowa nayo.

Jamani, tunajidai tunajua watu.

Kwenye mogo wangu nilikuwa nimetunga watu thelathini na moja. Milangoni nikawakuta sitini na wanne. Nilizipa nyumba nne intaneti, zikatoka tisa. Kuna bwana anayeendesha teksi, kila alfajiri anazungumza na mama yake aliyeko Kampala kwa kompyuta. Kuna dada anauza sari kwa barua pepe mpaka Durban.

Nikafika hamsini na mbili. Ile familia yangu ya watu watano yenye mlango mpya.

Akafungua mzee mmoja, fulana juu ya shati, shati juu ya fulana. Anaitwa Sadrudin, mzaliwa wa Tanga. Anaishi peke yake. Mlango mpya aliuweka mwanawe kabla ya kuhamia Calgary.

Nikamuuliza lugha.

"Kiswahili," akasema. "Lakini sijakisema tangu mke wangu afe. Ni miaka mitatu."

Nikamuuliza kompyuta. Akanionyesha. Ipo ukumbini, ndani ya boksi lake, haijakatwa hata utepe, juu yake kaweka mtungi wa maua. Mwanawe aliituma ili awe anampelekea picha za mjukuu. Mtoto ana mwaka na nusu. Mzee hajamwona hata kwa picha.

"Anasema picha ziko humo kwenye barua pepe," akasema Mzee Sadrudin. "Mimi naona haya kumwambia sijui kuifungua."

Nilimjaza kwenye fomu. Mtu mmoja. Intaneti: hana.

Kisha nikaenda namba thelathini na saba, nikagonga.

Bi Bharti hakusubiri nimalize. Alivaa viatu vya pinki, kumbe vilikuwa vyake, akaniongoza kuvuka barabara. "Wewe mzee," akamwambia Sadrudin mlangoni kwa Kiswahili, "toa maua hayo tufanye kazi." Kompyuta ikawaka siku ile ile, ila laini ya intaneti ya kuleta picha haikuwepo.

Ijumaa nikakabidhi fomu, zimelowa na kukunjamana. Jaswant akazinusa moja moja. Akaitikia kwa kichwa.

Sasa sikilizeni maajabu.

Miezi miwili baadaye matokeo yakatoka. Chumba cha kompyuta hatukupata! Hesabu zangu za kweli zilionyesha Queensbury pameunganishwa mno, wakapeleka kwingine. Lau ningeacha uongo wangu ule ule, tungepewa sisi.

Nilikwenda kwa Bi Bharti nusu nalia. "Mnaona? Ukweli umetukosesha."

"Umetukosesha chumba," akasema. "Mimi chumba ninacho." Akakiondoa kikapu cha vitunguu mezani.

Tangu wiki hiyo, kila Jumanne saa nne asubuhi, chumba chake cha kulia kikawa darasa. Wazee wanne mwanzo, kisha tisa, kisha viti vikaazimwa kwa majirani. Jaswant akaja siku moja kuangalia, akaishia kufundisha watu kutumia kipanya, naye akifokewa na Bi Bharti kwa kwenda haraka.

Mzee Sadrudin ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Picha ya mjukuu alipoiona alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Halafu akataka kumjibu mwanawe. Hakutaka kusaidiwa. Alitafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja, dakika ishirini na zaidi, sisi tumemzunguka hakuna anayekohoa.

Aliandika maneno mawili. BABA NIPO.

Wenzangu, mkiwa ugenini msinong'one siri kwa Kiswahili mkadhani mmejificha. Huwezi kujua nani kazaliwa Kisumu.

Na ukipewa kazi ya kuhesabu watu, piga hodi. Nyuma ya mlango kuna mtu, na hafanani na yule uliyemwandika.