Kikapu cha Mama Raïssa

Huko Buterere, pembeni mwa Bujumbura, kabla Odette hajafika, jina la Ticha lilikuwa na mwenyewe. Walimu wengine wa shule ile ndogo ya kanisa waliitwa Madamu au Mesiye, kama ilivyo desturi ya mji. Médiatrice peke yake ndiye aliyeitwa Ticha, kwa kuwa ndiye peke yake aliyefundisha Kiingereza. Wauzaji wa lengalenga, mchicha wa huko, walimwita hivyo. Kinyozi alimwita hivyo. Hata wenye baiskeli za mizigo walipiga kengele wakasema, “Ticha, tupishe kidogo,” na wakatabasamu.

Alilistahili jina hilo. Lazima lisemwe mapema, maana watu hupenda kumchora mwenye wivu kama mtu asiyefaa kitu. Médiatrice alifika shuleni kabla ya wote, hata asubuhi zile ambazo risasi zilikuwa zimelia upande wa mashamba ya mpunga na walimu wenzake wakabaki majumbani. Hakuwahi kuchukua chaki ya shule akaenda nayo kwake. Mumewe aliuawa kwenye barabara ya Cibitoke wakati yeye ana mimba ya Raïssa, na tangu siku hiyo alimlea mtoto bila kumlilia mtu. Vita vilimchukulia mume, ng'ombe wa baba yake, na nyumba ya kwao. Lile jina la Ticha ndilo lililobaki, naye alilishika kama mtu anavyoshika ufunguo.

Kufundisha kwake kulikuwa kwa ubao. Aliandika neno kwa Kifaransa, akaandika la Kiingereza pembeni, watoto wakanakili, wakaimba pamoja, wakafuta. Mwisho wa mwaka walijua kuandika kwa mwandiko mzuri maneno ambayo hawakuthubutu kuyasema.

Odette alikuja Septemba ya mwaka 2003, miezi michache baada ya mabomu ya Julai kuangukia mitaa ya mji. Alikuwa mtu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Vita vya kwao vilimkimbiza hadi Zambia, akasomea huko, kisha akarudi karibu na kwao bila kufika kwao. Mkurugenzi wa shule, Bwana Hyacinthe, ambaye hakujua Kiingereza hata neno moja lakini alijua wazazi wanakitaka, alimpa madarasa ya watoto wadogo. Médiatrice akabaki na wakubwa. Mbele ya wote wawili mkurugenzi alisema wazi kwamba mambo hayo ni ya muhula mmoja tu. Baada ya Mwaka Mpya kanisa lingeweza kubaki na mwalimu mmoja wa Kiingereza, na atakayebaki angefundisha shule nzima.

Odette hakupewa kitabu wala picha. Basi akaanza kuazima. Kila jioni alipita nyumba kwa nyumba akiomba chombo kimoja: sufuria, mwiko, thermos, redio iliyokufa betri. Asubuhi alivitandika juu ya mkeka, akafanya soko. Mtoto aliyetaja kitu kwa Kiingereza alikinunua kwa kizibo cha soda, na kila kizibo kilikuwa na herufi iliyopakwa kwa rangi ya kucha. Mwenye vizibo vya kutosha aliviunga vikawa neno. Siku nyingine alitia vitu guniani, mtoto akaingiza mkono bila kuchungulia, akapapasa, akasema ameshika nini. Waliokosea walichekwa, wakacheka nao, wakaingiza mkono tena.

Kwa watu wa pale, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiazima sahani ya maharagwe, unairudisha na ndizi mbili, au chumvi kidogo, au chochote mkono wako ulichopata. Odette hakuwa na ndizi wala chumvi. Alikata makatoni ya sabuni, akachora kwa mkaa kitu alichoazima, akaandika chini yake jina au sentensi fupi ya Kiingereza, akaweka kadi ndani ya chombo. Akina mama walizichomeka kadi ukutani, na watoto wakazisoma kwa sauti.

Alipofika kwa Médiatrice, aliomba kikapu.

“Mama Raïssa, mi naomba kile kikapu yako kiko na mufuniko. Nataka kuonesha batoto kitu kiko ndani, kiko juu, kiko chini. Kesho ntakurudishia.”

Kilikuwa kikapu cha arusi, kilichosukwa na marehemu mama yake. Lakini Médiatrice hakukataa kwa sababu hiyo.

“Vyombo vya nyumba si vya mchezo,” alisema. “Mi nafundisha na ubao, na wanajua.”

“Sawa, dada. Haina shida.”

Odette alimuaga vizuri akaenda nyumba ya pili, kwa Mwanasiti, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, na Médiatrice akasikia kicheko cha wanawake wawili kikipita juu ya ukuta.

Kati ya darasa lake na la Odette palikuwa na ukuta wa mabati. Alizoea kusikia upande ule watoto wakikohoa na kulia. Sasa alisikia wakiongea. Hakuwa tena na utulivu wa kuandika ubaoni. Aliandika nusu ya neno, akasimama, akasikiliza. Aliweza kuhesabu makosa ya Odette ya matamshi, na aliyahesabu, na hayakumsaidia kitu. Jioni moja, wakila, Raïssa, aliyekuwa darasani kwa Odette, alinyoosha mkono akamwomba mama yake kijiko, kwa Kiingereza, bila kufikiri, kama mtu anayeomba maji. Mtoto huyu alikuwa amelala chumba kimoja na mwalimu wa Kiingereza tangu kuzaliwa, na hakuwahi kumwambia neno lolote la lugha hiyo.

“Nani amekufundisha?”

“Ticha,” alisema Raïssa, kisha akamtazama mama yake usoni, akaongeza upesi, “Ticha ule mwingine.”

Kesho yake, njiani, watoto waliita kwa nyuma, “Ticha! Ticha!” Médiatrice akageuka, uso umekwisha kujipanga kwa salamu. Wakampita mbio, pande zote mbili za sketi yake, kumkimbilia Odette aliyekuwa anavuka mtaro na sufuria kichwani.

Wivu hauanzi kwa kutenda. Unaanza kwa kungojea. Médiatrice alingojea Odette achelewe, hakuchelewa. Alingojea apoteze chombo cha mtu, hakupoteza. Ndipo siku moja bombani, foleni ikiwa ndefu, akauliza swali. Hakusema uongo. Mtu aliyelelewa vizuri hawezi kusema uongo kirahisi, lakini anaweza kuuliza.

“Mwanasiti, ile karatasi ya kwako iko na picha ya nini?”

“Redio. Si ndiyo niliazimishaka?”

“Na ya jirani yako?”

“Thermos.”

“Ah. Kwa hiyo mwenye redio amewekewa redio, mwenye thermos amewekewa thermos. Na maandishi ya chini, nani anaisoma?”

Hakuongeza neno. Alijaza ndoo yake akaenda.

Ambaye hakuishi Bujumbura miaka ile hataona ubaya wa swali hilo. Usiku watu wenye silaha walitoka mashambani, wakaingia mitaa ya pembeni, wakapora. Kila familia ilijiuliza waliwezaje kujua mlango gani una nini. Na sasa hapa kuna mwanamke mgeni, aliyeingia kila nyumba, akaacha kwenye kila ukuta picha ya mali iliyomo, na maandishi ambayo wazazi hawakuweza kuyasoma. Kabla ndoo za mwisho hazijajaa, swali lilikuwa limepata jibu ambalo Médiatrice hakulitamka.

Kadi zikaondolewa ukutani. Nyingine zilichomwa. Vijana wawili walisimama mbele ya chumba cha Odette wakamwuliza ndugu zake wenye silaha wamejificha upande gani wa msitu. Mwanasiti aliwafukuza kwa maneno, lakini yeye mwenyewe aliipeleka kadi yake ya redio kwa Salvator, shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa. Salvator hakuwa mtu wa haraka. Alikusanya kadi zote zilizobaki, akaita wazazi shuleni Jumamosi, mbele ya mkurugenzi. Wote walijua ni jambo gani linaamuliwa: Odette akionekana ana hatia, kufukuzwa ndiyo ingekuwa adhabu ndogo.

Darasa lilijaa hadi watu wakasimama. Watoto waliminyana madirishani. Odette aliketi kwenye dawati la mtoto, magoti juu, mikono imetulia.

“Shefu, niulize mimi,” alisema. “Ntakusomea yote.”

“Apana,” akasema Salvator. “Mushitakiwa hawezi kujisomea kesi. Nani mwingine anajua Kiingereza hapa?”

Vichwa vyote vikageuka, na Salvator akanyoosha kadi.

“Ticha, njo utusomee.”

Alimwita Ticha. Jina lilikuwa limerudi mkononi mwake, mbele ya mtaa mzima, na hakuna mtu aliyemtazama tena Odette kwa jina hilo. Médiatrice aliichukua kadi. Ilikuwa na redio iliyochorwa vizuri, na chini yake sentensi: *The radio is on the table.* Aliisoma kimya. Hakuhitaji hata kudanganya. Ingetosha aseme kwamba mwandiko ni mbaya, kwamba hana hakika, kwamba labda inaonesha mahali kitu kilipo. Hilo hata lingekuwa kweli, maana sentensi ilionesha mahali kitu kilipo. Kimya kikarefuka. Katika kimya hicho mwanamume mmoja nyuma akasema taratibu, “Munaona? Hata yeye anaogopa kuisoma.”

Dirishani Raïssa alikuwa anamtazama.

Médiatrice akasoma kwa sauti. Alisoma kwa matamshi mazuri, kwani alijua kazi yake. Kabla hajafungua mdomo kutafsiri, Raïssa alikuwa amekwisha pita chini ya mikono ya watu, akachukua redio ya mkurugenzi kwenye rafu, akaiweka juu ya meza mbele ya shefu, akarudi nyuma hatua moja kama wafanyavyo darasani.

“We! Redio yangu!” akalia Bwana Hyacinthe.

“Nyingine,” akasema Salvator.

*The cup is under the chair.* Watoto watatu wakapigania kikombe cha shefu mwenyewe, wakamwaga chai, wakakisukuma chini ya kiti chake. Médiatrice akasoma nyingine, na nyingine, na kila alichosoma kilitendeka. Maneno yalitoka kinywani mwake, lakini yalikuwa ya Odette, na watoto walimtii Odette kwa sauti ya Médiatrice. Mtu mmoja akaanza kucheka. Kisha wote. Salvator aliinama kutafuta kikombe chake, akasema, “Basi tumekusanya mutaa muzima kwa kesi ya kijiko na kikombe! Murudi manyumbani.”

Akina mama wakainuka kudai kadi zao, wakinyang'anyana.

“Ile ya sufuria ni yangu!”

“Yako wapi? Sufuria yako haina mikono miwili!”

“Lakini,” akauliza mkurugenzi, “haya maneno yalianzia wapi?”

Mwanasiti alijifunga vizuri kanga yake.

“Yalianzia bombani, Direkta,” alisema. “Na bomba haina mudomo.”

Hakumtazama Médiatrice. Wala mwingine yeyote hakumtazama, na hivyo akajua kwamba wote wanajua.

Kusema kweli ni wajibu, na Médiatrice aliutimiza. Lakini anayezima moto alioutia mwenyewe asidai kushukuriwa.

Bwana Hyacinthe hakulazimika kuchagua. Wiki za mwisho za muhula Odette alipata darasa huko Kinindo, upande mwingine wa mji, kwa watoto wa watu wa mashirika ya misaada, na akalikubali. Mwanasiti alimsihi abaki.

“Dada yangu, mi nimekwisha kimbia mahali pamoja ambapo karatasi inaweza kuuwa mutu,” Odette alimjibu. “Nibakie pa pili?”

Kwa hiyo Kiingereza cha shule nzima kikawa cha Médiatrice.

Siku moja kabla ya somo la mwisho, Odette alipita tena akiazima vyombo, na akasimama mlangoni kwa Médiatrice kama alivyosimama Septemba.

“Mama Raïssa, mi naomba kile kikapu.”

Médiatrice alikifuta vumbi kwa kitambaa safi. Alimpa kwa mikono miwili. Alitaka kusema jambo, akasema tu kwamba mfuniko unabana kidogo. Siku nzima iliyofuata aliwaza kikapu kitarudi na kadi gani. Alikwisha kuona mahali pa kuichomeka, juu ya kitanda cha Raïssa. Alijiambia kwamba hata likiwa neno moja litatosha, nalo litamaanisha kwamba mambo yamekwisha.

Kikapu kilirudi jioni, kimeoshwa, kimekaushwa juani. Odette alishukuru kwa heshima zote, akauliza habari za nyumba, akaaga. Médiatrice alingoja mpaka hatua zake zipotee, akauinua mfuniko. Alitia mkono ndani, akapapasa hadi chini, kando zote, kama mtoto kwenye gunia.

“Amesahau kuweka karatasi?” akauliza Raïssa.

“Hakusahau.”

Januari alipoanza na watoto wadogo, walikataa ubao. Walimwuliza soko liko wapi. Médiatrice si mtu wa kukimbia kazi. Alipita nyumba kwa nyumba. Sufuria ya huyu ilikuwa motoni, thermos ya yule ilikuwa na chai, mwiko wa Mwanasiti ulikuwa umeazimwa na mtu mwingine. Wote walimjibu kwa adabu. Tangu hapo hubeba vya kwake kila asubuhi: sufuria yake, vijiko vyake, na juu ya kichwa kikapu cha mama yake. Wanawake wa bombani humsalimia vizuri, “Mwaramutse, Ticha,” naye huitikia. Njia ni ndefu na mzigo ni mzito, na hakuna aliyewahi kumpokea.