Moshi wa Pumba

Nyuma ya nyumba yetu ya Lipangalala palikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na nyuma ya mashine, kilima cha pumba. Kila msimu wa mavuno kilima kile kilishika moto. Nani alikiwasha, sikuwahi kujua. Miali haikuonekana. Kilifuka tu, majuma kwa majuma, na moshi wa kijivu ukatambaa chini chini hadi madarasani, kanisani, kwenye sahani za wali. Tuliuhesabu kama hali ya hewa. Mgeni akikohoa, tulimwambia atazoea.

Mdogo wangu wa kike hakuzoea. Kifua kilipombana alikaa ukingoni mwa kitanda, mabega juu, akatuonyesha kwa kidole alichotaka, maana maneno yangemmalizia pumzi.

Mama alimjua adui mmoja, mbu. Malaria ilikuwa imemchukulia mtoto kabla sijazaliwa. Kwa hiyo kila jioni alifunga madirisha, akaweka mlangoni pa mdogo wangu kopo la pumba zenye kaa la moto ili mbu wakimbie. Majirani walisema kifua kile ni baridi ya ukungu wa mto Lumemo. Basi mtoto akizidiwa, mama aliongeza pumba, chumba kipate joto.

Nesi wa zahanati alimsikiliza mtoto mgongoni, kisha akauliza tunalalaje. Mama alieleza kila kitu kwa fahari.

"Hilo kopo litoe," nesi alisema. "Moshi ndio unaombana."

"Na mbu je? Hao ndio walioniulia mtoto."

"Mtundikie chandarua, mama."

Tulirudi nyumbani. Mama alitembea kama mtu aliyeambiwa kwamba chakula alichopika ni sumu.

Baba alileta chandarua, kopo likatoka. Mdogo wangu akalala vizuri hata tukaanza kumtania kwamba anakoroma kama mzee. Halafu upepo ukageuka, ukaleta moshi wa kilima moja kwa moja kwetu, na kifua kikaanza upya.

Mama alikwenda mashineni, nikamfuata. Alimwomba fundi azime pumba zake. Fundi hakuwa mkorofi. Alitusalimia vizuri, akacheka kidogo.

"Ukizimwagia maji zinafuka zaidi, mama. Na mpunga wako nao si uko humu ndani?"

Kweli ulikuwemo. Wa kwetu, wa majirani, wa mji mzima. Nilitaka kumchukia yule fundi, nikakosa pa kuanzia.

Baba akaamua mdogo wangu ahamie kwa shangazi, ng'ambo ya mashamba ya Kiberege, mbali na barabara na mashine. Aliondoka amekumbatia chandarua chake, hakulia. Sisi ndio tuliolia.

Tulipokwenda kumwona, alitujia mbio tangu kwenye mahindi, akatufikia akiwa bado anaongea. Alinisimulia habari za mbuzi wa shangazi, sentensi ndefu, bila kusimama kuvuta hewa. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Sauti yake ilikuwa ngeni kwangu.

Mama alimwekea mkono mgongoni, akasikiliza kwa kiganja. Alitabasamu, machozi yakamtoka, akatabasamu tena.

Jioni tulipoaga, mdogo wangu aliuliza atarudi nyumbani lini. Baba alimtazama mama. Mama akajifanya anafunga kanga vizuri, na mimi, niliyekuwa nikimtaka nyumbani kuliko wote, nilijikuta naomba wasimtajie siku.